Rafiki wa mtandaoni ananiita Liège: niende?

"Shikamoo dada. Nina miaka 24, kwetu Tanga, niko Kassel, Ujerumani, mwaka wa pili wa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi. Hapa sina ndugu. Mwaka jana nilijiunga na kundi la WhatsApp la Waswahili wanaojifunza lugha za Ulaya, humo nikafahamiana na kaka mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeishi Liège, Ubelgiji. Miezi 11 sasa tunaongea karibu kila siku. Si mchumba wangu, ila sitaki kukudanganya, nikitoka zamu ya usiku mtu wa kwanza kumwandikia ni yeye. Video tumepigiana mara mbili tu, gizagiza. Januari aliomba nimkopeshe euro 60, akarudisha baada ya wiki mbili. Nimemwambia tukutane Köln. Anasema hawezi kuja Ujerumani, niende mimi. Anaishi na binamu yake, chumba kipo, nauli atanitumia. Mwenzangu wa hosteli anasema huyo tapeli. Mama sijamwambia. Niende? Na nikienda, nimpelekee nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Na pole na hizo zamu.

Nenda, ila usiende kwa safari aliyokupangia yeye. Panga ya kwako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonirudisha ni hapo aliposema hawezi kuja Ujerumani. Mwenzako wa hosteli amepashika hapo hapo akatoa hukumu. Mimi kazi yangu hapa Köln, mwaka wa 17 huu, ni kukaa na watu wetu waliokwama kwenye makaratasi, kwa hiyo kabla sijafikiria utapeli nilifikiria mtu asiye na ruhusa ya kuvuka mpaka.

Wewe una kadi ya ukaazi ya Ujerumani. Ukiwa nayo pamoja na pasipoti iliyo hai, unaingia Ubelgiji na nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, bila kuomba viza, mradi usizidishe siku 90 katika kila siku 180. Umeshazoea, na mtu akizoea anadhani Waafrika wote waliomo Ulaya wanatembea hivyo. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu hatembei hivyo. Ubelgiji anapewa hati ya muda yenye rangi ya machungwa, wenyewe huko wanaiita carte orange. Inamruhusu kukaa Ubelgiji akingoja kesi yake. Kuja kunywa kahawa Köln haimruhusu. Tena tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo polisi wanaweza kupanda treni ya kutoka Liège wakaanza kuuliza karatasi kiti kwa kiti. Mtu wa Bukavu, mji ulioingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, si ajabu kabisa kumkuta kwenye foleni hiyo ya kusubiri. Usimshawishi aje kwa kujificha ili kukupa ushahidi wa mapenzi mema.

Huenda hata video za gizagiza zina maelezo ya aina hiyo. Nina watu ambao wamekaa Ulaya miaka mitatu hawajaweka picha hata moja mtandaoni, kwa sababu wanaogopa sura yao isifike kwa aliyewakimbiza. Lakini tapeli naye hapendi mwanga. Dalili za mwoga na za mwongo ukiziangalia kwa mbali zinafanana, na ndiyo maana wewe na mwenzako mnabishana bila kumaliza.

Basi muulize. Ila usimuulize "una karatasi?", hilo ni swali la kumvua mtu nguo. Mwambie hivi: "Kaka, mambo ya kesi yako sikuulizi. Nataka kujua kinachokuzuia kuja huku ni makaratasi, ni kazi, au hutaki tu. Kama ni makaratasi, sema 'makaratasi' nami sitauliza zaidi." Mwenye shida ya kweli utamsikia akishusha pumzi. Mwenye mchezo atakupa hadithi ndefu, na wewe kazi yako ni kusikiliza inaishia wapi. Ikiishia kwa wakili anayedai euro 400, ujue kwamba Ubelgiji anayeomba hifadhi ana haki ya wakili wa bure, wanamwita pro deo, na kuwasilisha ombi lenyewe hakulipiwi. Hadithi inayoishia kwenye mfuko wako ifunge hapo hapo.

Jambo moja nakuomba usifanye, hata mwenzako akikushauri: usichukue picha yake ukaitupa kwenye makundi ya Waswahili ukiuliza "nani anamjua huyu?" Kama ni tapeli, hutapata chochote, maana picha haitakuwa yake. Kama ni mkimbizi, umemtangaza. Picha itafute wewe mwenyewe kwenye Google uone kama inatokea kwa jina la mtu mwingine, uishie hapo.

Kipimo kizuri zaidi ni simu ya video ya mchana, yeye akiwa nje anatembea. Dakika kumi zinatosha. Aende mpaka ukingo wa mto Meuse, unaopita katikati ya mji wake, ageuze kamera uone maji na watu wanaopita, mzungumze huku upepo unavuma kwenye kipaza sauti. Kuna programu siku hizi za kubadilisha sura kwenye video, lakini kutembea barabarani dakika kumi huku unageuza kamera kila unapoombwa kunazitesa. Halafu mwambie aache Kiswahili cha kundini, aongee kama alivyokuwa akiongea kwao. Mtu wa Kivu, upande wa Bukavu, utamjua tu. Atasema "batoto" wewe unaposema watoto, "aksanti" itamtoka bila kufikiri, na Kifaransa kitachomoza katikati ya sentensi kama jiwe kwenye wali. Kujifunza kuigiza hivyo ni kazi kubwa kuliko faida ya euro 60.

Nije kwenye hizo euro 60. Mwenzako atakuambia kukopa kidogo na kulipa ndiyo njia yao ya kujenga imani kabla ya kukopa kikubwa, na hajakosea, nimeyaona. Nimeona pia mamia ya watu wema wanaoishiwa tarehe 20 ya mwezi. Kwa deni moja lililolipwa huwezi kujua huyu ni yupi. Kuanzia leo mpaka mtakapoonana, pesa isipite baina yenu, kwenda wala kurudi. Na hapo naihesabu nauli aliyosema atakutumia. Anayekukatia tiketi ndiye anayejua unafika saa ngapi na unaondoka lini, na wewe ukitaka kuondoka mapema utajisikia mdeni. Sisemi ana nia hiyo. Nasema deni linafanya kazi hata kama mwenye kudai ni malaika.

Hii ya kuondoka ndiyo ninayotaka uishike kuliko yote niliyoandika, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Watu wakifikiria kukutana na mtu wa mtandaoni wanafikiria mauaji, kama kwenye filamu. Ninaokutana nao ofisini wengi hawakupatwa na kitu cha kutisha hivyo. Walijikuta mahali ambapo kuondoka kulihitaji ruhusa ya mtu. Begi liko chumbani kwake, chumba kina ufunguo mmoja, usafiri wa mwisho umeshapita, chaji imekwisha, nauli ya kurudi anayo yeye, na lugha ya mji ule hawaijui. Hakuna aliyewashika mkono. Walikaa kwa sababu kuondoka kulikuwa na ngazi nyingi mno, na kwa sababu ya aibu: nitaanzaje kumwambia nataka kwenda, wakati amenipikia?

Kuna binti wa Mombasa, namwita binti lakini ana watoto wawili sasa, aliyetoka Köln kwenda kumwona rafiki wa mtandaoni mji mwingine wa huku huku Ujerumani. Kijana alikuwa mtu mzuri tu, mpaka leo husalimiana. Wamekaa mgahawani, wamecheka, saa tatu usiku wameagana, yeye akaenda stesheni. Pale jukwaani simu ikazima. Tiketi ilikuwa ndani ya simu. Pesa ilikuwa ndani ya simu. Namba za watu wote aliokuwa nao Ujerumani zilikuwa ndani ya simu. Aliniambia alikaa kwenye kiti cha chuma anaitazama ile kioo nyeusi, anajiona sura yake, anahesabu namba anazozijua kwa kichwa, akapata moja: ya nyumbani kwao Mombasa, ya mezani, iliyokatwa zamani. Ikabidi atembee kurudi kwa yule kijana kuomba chaja, na akalala kwake kwa kukosa treni. Hakuna baya lililotokea. Lakini angekuwa mtu wa aina nyingine, lingetokea pale pale, kwa ajili ya chaja.

Kwa hiyo tiketi ya kurudi ichapishe kwenye karatasi. Uwe na euro 100 taslimu mbali na pochi, betri ya akiba, na namba mbili za simu ulizoziandika kwa kalamu mahali ambapo jasho halitazifuta. Pasipoti na kadi ya ukaazi vyote viwili uwe navyo mwilini, kwa sababu utavihitaji mpakani na kwa sababu begi linaweza kubaki nyuma. Binamu akisema "nipe nikutunzie", tabasamu, useme iko sawa ilipo.

Na huyo binamu tumzungumze. Umealikwa na watu wawili, mdogo wangu, na mmoja hujawahi hata kusikia sauti yake. Chumba si cha rafiki yako. Huenda ni kochi. Huenda binamu ana marafiki wanaokuja Jumamosi kuangalia mpira. Kulala hapo kwa mara ya kwanza, hapana, na ninaposema hapana sitafuti neno laini.

Najua shida yako hapa ni kwamba umelelewa Pwani. Mtu anakukaribisha kwake, chumba kipo, wewe unakwenda kulipia kitanda pengine: kwetu hilo ni tusi. Na kwa Bukavu ni hivyo hivyo. Wengi hushauri kudanganya, useme una shangazi karibu. Mimi sipendi, uongo wa kwanza huzaa wa pili pale mezani atakapouliza shangazi anaitwa nani. Sema ukweli uliopo: "Kaka, kwetu msichana halali kwa mtu ambaye wazazi hawajamjua. Safari hii nitalala kwingine, usinione mbaya." Hakuna mwanamume aliyekulia Afrika Mashariki au Kongo asiyeielewa sentensi hiyo, ana dada zake. Halafu nyamaza, usijieleze zaidi, usome jibu lake. Akisema "umefanya vizuri, mama angefurahi", umejifunza kitu juu yake ambacho miezi 11 ya ujumbe haikukufundisha. Akinuna siku mbili, akakuambia huna imani naye baada ya yote haya, napo umejifunza.

Sasa safari yenyewe, nikikupangia kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Jumamosi ondoka Kassel mpaka Aachen. Kama una Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ile iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na imekuwa ikipanda tangu hapo, inakufikisha bila senti nyingine, kwa treni za mkoa tu. ICE, treni ya mwendo kasi, usiipande nayo, faini yake itakula nauli yote uliyookoa. Utakaa njiani saa nyingi ukibadilisha treni, kwa hiyo beba chakula. Kama huna na unataka kukata ya mwezi huo tu, kumbuka inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka uifute, na kufuta mwisho ni tarehe 10. Watu wangu wengi wamelipia miezi mitatu ya kukaa nyumbani.

Lala Aachen, upande wa Ujerumani, hosteli ya vijana au chumba chochote cha bei nafuu chenye mapokezi. Pale bado uko kwenye nchi ambayo lugha yake unaimudu na bima yako ya afya unaijua. Asubuhi ya Jumapili kata tiketi ya kwenda na kurudi Liège. Deutschlandticket haikufikishi Liège, hiyo inalipiwa mbali. Ni mwendo wa saa moja hivi, zaidi kidogo ukipanda ile ya kusimamasimama, na jioni mapema uwe umerudi Aachen. Hivyo chumba chako hakiko mjini kwake, na saa ya kuondoka imepangwa na ratiba ya treni, hujaipanga wewe kwa kumkimbia.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu ya La Batte. Kila Jumapili asubuhi ukingo wa Meuse pale Liège hujaa soko refu, mboga, jibini, maua, nguo, watu bega kwa bega mpaka mchana. Kukutana mgahawani ana kwa ana na mtu ambaye hujawahi kumwona ni kama usaili wa kazi: mnatazamana, kahawa inaisha, mikono hamjui muiweke wapi. Sokoni mnatembea bega kwa bega, macho yana pa kwenda, kimya kikija kuna mtu anapiga kelele za bei ya nyanya. Mtanunua mkate wa sukari wa kwao, gaufre, wa moto unaonata vidoleni, na mtu anayejipangusa sukari kidevuni hawezi kuigiza kwa muda mrefu.

Lakini msipeane miadi "sokoni". Soko lile ni refu mno. Mimi mwenyewe mwaka 2009 nilipeana miadi na dada mmoja wa Unguja tuliyefahamiana kwenye mtandao, tukasema "stesheni kuu ya Köln, nje". Stesheni kuu ya Köln ina nje mbili. Nilisimama upande wa Breslauer Platz dakika 50 kwenye baridi ya Februari nikijiambia nimedharauliwa, naye alikuwa upande wa kanisa kuu, chini ya minara ya mita 157, akijiambia hivyo hivyo. Stesheni ya Liège-Guillemins nayo, ile yenye paa jeupe kama mbavu za nyangumi iliyofunguliwa 2009, ina upande wa uwanja na upande wa kilima. Mwambie: upande wa uwanja, Place des Guillemins, nje ya mlango, chini ya paa. Toka 2025 kuna tramu pale ya kuwapeleka mjini, hakuna haja ya gari la binamu.

Na saa andikeni kwa tarakimu, 10:00. Ukiandika "saa nne", wewe umemaanisha kitu kimoja, na mtu aliyesomea Kifaransa anaweza kufikiria kingine. Nimeshasuluhisha ugomvi mzima uliotokana na "saa kumi".

Nani ajue unakokwenda? Mama yako mwambie ukipenda, mimi ningemwambia baada, kwa sababu aliyeko Tanga saa hiyo hana cha kufanya ila kukosa usingizi. Anayehitajika ni mtu aliye karibu na simu na anayeweza kuongea Kijerumani na polisi. Kwa bahati unaye: huyo huyo mwenzako anayemwita tapeli. Mtu mwenye shaka ndiye mlinzi mzuri. Mpe jina la rafiki yako, namba yake, treni unayopanda. Mkubaliane saa 12:30 na saa 16:00 utaandika. Usipoandika anapiga, usipopokea mara mbili anawapigia polisi wa kwao pale Kassel, 110, aseme uko Liège na nani. Wewe mwenyewe ukihitaji msaada ukiwa Ubelgiji ni 112 kama huku, au 101 kwa polisi. Uchague pia neno la siri, lakini lisiwe la ajabu. Kwa muuguzi ni rahisi sana: akipokea ujumbe wako "wameniita kazini?", anakupigia mara moja, na wewe unamwambia rafiki yako umeitwa kuziba zamu ya mtu. Kila anayemjua muuguzi wa Ujerumani anajua wanaitwa hata siku ya mapumziko, hatashangaa.

Ningependa zaidi huyo mwenzako aje naye. Nani alisema kwenda na shoga yako ni ushamba? Nyumbani tungefanya hivyo bila kufikiri; ni ugeni ndio unaotufundisha kufanya mambo makubwa peke yetu. Anaweza kuzunguka soko lile peke yake, mkaonana saa ya chakula. Na rafiki yako mpe ruhusa ya kuja na mtu pia, maana huenda naye anaogopa. Hujawahi kufikiria hilo? Yeye naye hakujui. Kwa mtu anayesubiri hifadhi, msichana asiyemfahamu anayeuliza sana anaishi wapi na nani ni kitu cha kukosesha usingizi.

Likitokea baya, ripoti. Nalisema hili kwa sababu wengi wenu mnaamini kwenda polisi kunaharibu kibali. Wewe uko kihalali, na kuwa mtendewa hakukunyang'anyi kadi ya ukaazi. Ukirudi Ujerumani ipo pia namba 116 016 ya wanawake waliotendewa ukatili, ya bure, usiku na mchana, bila kutaja jina, na wana wakalimani wa lugha nyingi. Iandike pamoja na zile mbili.

Nimeongea sana juu ya hatari na hukuniuliza hatari peke yake. Pale uliposema nikitoka zamu ya usiku mtu wa kwanza kumwandikia ni yeye, nilikusikia.

Kwa hiyo nikuandae na hili pia, maana ndilo linalowapata wengi kuliko utapeli. Dakika kumi za mwanzo utamwona mgeni. Sauti ni ile ile, lakini inatoka kwenye mwili usioujua: mfupi kuliko ulivyodhani, anakohoa, ananuka sabuni nyingine, anatembea haraka. Yeye naye atakuona hivyo. Watu wengi hapo huogopa, wanafikiri wamekosea, wanaanza kuchekacheka ovyo au wanakimbilia simu. Vumilia. Ukikwama, fumba macho sekunde mbili umsikilize anavyoongea, utamrudisha yule wa miezi 11. Baada ya nusu saa sura na sauti hushikana. Zisiposhikana napo si msiba, mnaweza kurudi kwenye simu mkaendelea kuwa marafiki wa simu. Ninao wawili wa hivyo na siwabadilishi na mtu.

Jipe saa nne tano, zisizidi, hata kama unafurahi. Hasa kama unafurahi. Na siku hiyo msiamue kitu: uchumba, kuhamia, kumtambulisha kwenu. Wewe unatoka kwenye upweke wa Kassel, yeye pengine kwenye upweke wa kusubiri barua ya serikali, na watu wawili wenye njaa wakikutana jikoni kila chakula ni kitamu. Rudi kwanza, fanya zamu zako wiki mbili, uone kama bado unamwandikia kwa furaha ile ile au kwa woga wa kumpoteza.

Umeuliza zawadi. Kitu kidogo, kisichomfanya ajisikie anadaiwa. Ukipita duka la Kiafrika, chukua pakiti ya dagaa wa Kigoma. Ziwa Kivu kwao wanavua samaki wadogo wanaowaita sambaza, na samaki wale walitolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ndugu wa dagaa wako. Mtakuwa na cha kubishania saa nzima, wa kwao watamu au wa kwenu. Ila wafunge mifuko mitatu, tena ukaze. Treni ya Aachen asubuhi ya Jumapili madirisha yake huenda yasifunguke, na polisi wa mpakani ana pua.